Kikombe cha Maji Matupu

Kikombe cha maji matupu kiliwaka.

Kazi ya mpimaji pale maabarani ilikuwa kusaka kemikali zinazovuruga homoni za uzazi. Vikombe vyenye kemikali hizo huwaka kijani. Cha maji matupu, anachokiweka kila siku kuhakikisha hajakosea, hubaki giza.

"Umekichafua mwenyewe kwa mikono yako hiyo, shoga," mwenzake alicheka, akivua koti jeupe. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole!" Akaenda zake kwa wanawe.

Mpimaji akabaki na mikono yake. Akainusa. Ilinukia waridi, mafuta aliyojipaka kila alfajiri tangu alipoolewa mpaka alipoachwa kwa kukosa mtoto, na hata baada ya hapo. Akatoa kopo mkobani, akachota tone, akalipima.

Likawaka kuliko vikombe vyote.

Alikaa kwenye stuli, akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, kuchani na kwenye mikunjo, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Friji tu ndiyo iliyonguruma.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, mtu pekee aliyempigia siku hizi.

"Dada! Mtoto anacheza tumboni leo, acha tu! Na yale mafuta yako, mashaallah, tumbo laini kama la kitoto. Napaka asubuhi na jioni. Kopo linaisha, utaniletea lini jingine?"

Mpimaji alilitazama kopo lililobaki wazi mezani. Akalifunika taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, "kaa kwanza."