Sindano Tatu

"Ni kaswende ya zamani, bibi, ilishatibiwa," mtaalamu wa maabara alisema. "Kwenye damu imebaki alama tu. Goti lako litapasuliwa kama kawaida."

"Mimi sijawahi kutibiwa kaswende, mwanangu."

"Hukuchomwa sindano za makalioni, moja kila wiki? Zinauma, mtu hukalia upande mmoja."

Bibi alikumbuka. Alichomwa tatu, miaka arobaini iliyopita, alipojifungua mtoto aliyekufia tumboni. Mumewe ndiye aliyempeleka, akamwambia ni za kuongeza damu. Mwaka mzima mama mkwe alimwita mwenye tumbo la nuksi, na mumewe alisikia, akaendelea kula.

Alitoka taratibu. Mumewe alikuwa kwenye benchi la korido, amempakatia mkoba wake.

"Wamesemaje, mama watoto?"

"Zile sindano zilikuwa za nini?"

Mzee aliufungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Niliogopa mama angejua, nawe ungeniacha," alisema mwishowe.

Bibi alikaa kando yake, akauchukua mkoba polepole.

"Na mama yako alipokufa," aliuliza, "ukawa unaogopa nini?"