Mwalimu Mnana na Karanga Zake

Wanyama walipoamua kusomesha watoto wao, wote walipelekwa kwa Mwalimu Mnana, ndege ambaye kiota chake hakijawahi kuangushwa na upepo. Nyani, baba mwenye haraka, alimpeleka mwanawe Kidevu siku ya kwanza kabisa.

Mwezi ukapita, na Kidevu hajashika penseli hata mara moja. Alikuwa akimenya karanga, akichambua choroko kwenye ungo na kusuka ukili wa mikeka. Herufi alizichora kwa kidole mchangani.

Nyani akaja juu. "Mwalimu, mwanangu nimemleta aandike au akupikie? Namwondoa leo!"

"Sawa, mzee wangu," Mnana akajibu kwa upole. "Andika jina lako hapa, kisha umchukue."

Nyani akaikamata penseli kwa ngumi, kama mtu anayetwanga. Ncha ikavunjika. Akaichonga, akajaribu tena, karatasi ikachanika. Jina alilijua, mkono ndio haukulijua.

"Baba, hebu nipe mimi," Kidevu akasema. Akaishika kwa vidole vitatu, kwa wepesi uleule wa kuokota vijiwe kwenye choroko, akaandika NYANI. Herufi zikakaa sawa kama ukili uliosukwa vizuri.

"Nani kakufundisha kushika hivyo?"

"Karanga, baba."

Nyani akaiweka karatasi chini. Kisha akaketi mkekani katikati ya watoto, akauvuta ungo.

"Mwalimu," akasema, "choroko zimebaki?"