Njia Aliyompangia Limbert

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi hiyo maji ya ndoo yaliganda Oruro nzima, na jua lilitoka likiwaka bila kumpasha mtu joto.

Severo Colque alinyoosha kidole, akaisukuma punje moja nyeusi ya mahindi mpaka ikaanguka chini ya meza.

Ndivyo alivyofundisha njia, tangu chama cha madereva kimpe kazi ya kuwaandaa madereva wapya wa safari ndefu ya Santa Cruz. Alipanga punje mezani: nyeupe ni mahali pa kula na kulala, nyekundu ni pa mafuta, nyeusi ni pa kusimama kupoza breki. Dereva mpya alizikariri mpaka aweze kuziona akiwa amefumba macho.

"Haya, nipitishe," alisema.

Limbert Ticona alikuwa kijana mwenye mabega mapana na meno meupe, meno ambayo Severo alichoka kuyaona. Aliteremsha kidole mezani.

"Natoka hapa na tangi limejaa. Caracollo nakagua matairi. Napanda mpaka juu kabisa, halafu..." Kidole kikasita. "Don Severo, juzi hapa palikuwa na nyeusi. Ule uwanja mpana kabla ya mteremko wa Parotani."

"Palikuwa. Siku hizi pana wezi. Ukisimama wanakuvua mpaka soksi. Shuka moja kwa moja."

"Na lori likiwa na chumvi yote hiyo mgongoni?"

"Nani mwalimu hapa?"

"Ni wewe, don Severo." Kijana akatabasamu. "Usemavyo ndivyo nitakavyokwenda."

Zenobia, mke wa Severo, aliingia na uji wa mahindi ya zambarau. Akamwekea Limbert maandazi mawili ya jibini. Kwa mumewe akaweka moja.

"Mbona yeye mawili?"

"Kwani wewe unasafiri? Safari yako ni kutoka kitandani mpaka kwenye benchi, kukosoa watu."

Limbert alicheka. Zenobia akacheka. Severo alikunywa uji wake ungali wa moto, ukamchoma ulimi.

Kila alipoingia, wawili hao waliacha kuzungumza. Jumanne aliwaona wakitoka nyumbani kwa padri wamesogeleana, wananong'ona, Zenobia akificha kitu ndani ya shali. Hata mlango wa Mungu hauwatishi, aliwaza. Hakuuliza. Aliliogopa jibu.

Hakutaka Limbert afe. Hilo alijiambia mara nyingi. Alitaka tu breki zitoe moshi, kijana alie kama ndama, na Zenobia aone kwamba meno meupe hayashiki lori. Lakini aliijua misalaba iliyosimama kando ya mteremko ule. Mmoja aliuchimbia yeye mwenyewe. Na asubuhi hiyo, alipopiga magoti, sala ya Baba Yetu ilimkwama pale pa kusamehe, akainuka bila kuimaliza.

Limbert alipokwisha kuondoka kwenda kuandaa lori lake, Zenobia alitoa shati jeupe sandukuni.

"Vaa hili. Saa nne padri analibariki lori la Limbert, kwenye uwanja wa chama."

"Sina kazi huko."

"Unayo, tena kubwa kuliko unavyodhani. Usinune, mzee, utapasua kioo."

"Nenda wewe. Wewe ndiye unayengojewa."

Zenobia akatundika shati kwenye kiti, akatoka.

Severo alibaki. Alisikia fataki. Baadaye akasikia honi ndefu ya lori likitoka mjini, ikafifia upande wa Caracollo. Angeweza kukimbia wakati huo. Sentensi moja tu ilitosha: simama pale juu, upoze breki. Badala yake alikaa akingoja hatua za mkewe mlangoni, ili amwone jinsi atakavyorudi na macho mekundu.

Hatua hazikuja. Kengele ya adhuhuri ililia. Mwishowe alivaa koti akaenda uwanjani.

Alikuta makopo ya bia, karatasi za rangi zimetapakaa, na madereva watano waliokuwa hawana haraka ya kwenda popote. Eloy, mnene kuliko wote, alimwona kwanza.

"Aaa, bwana harusi amefika, harusi imekwisha! Ulikuwa wapi, compadre, ndugu yangu? Tumekungoja mpaka padri akaanza kutetemeka!"

"Kuningojea mimi? Ya nini?"

Eloy alimvika utepe mpana wa hariri begani. Ulikuwa umetariziwa jina lake: Severo Colque, baba wa ubatizo.

"Lori jipya litatokaje bila baba na mama wa ubatizo? Kijana hana baba, kakuchagua wewe. Zenobia ametarizi wiki tatu kwa siri, ili akushtue. Na wewe ukajificha nyumbani kama kuku wa Krismasi!"

Madereva walicheka. Severo alishika utepe kwa mikono miwili.

"Zenobia yuko wapi?"

"Ngoja nikusimulie. Padri anauliza, wazazi wa lori wanaahidi nini? Watu huahidi tairi, huahidi turubai. Mkeo akaona hata kivuli chako hakionekani, akakasirika, halafu akacheka. Amesema mchuzi uko sufuriani."

"Eloy. Yuko wapi?"

"Sasa hivi? Watakuwa wanaumaliza mlima. Na usihangaike kupiga, simu wamezima, si ndivyo unavyowafundisha?"

Eloy alivua kofia, akaweka mkono kifuani kama alivyoweka Zenobia.

"Akasema hivi, mbele ya padri na sisi sote: 'Kwa kuwa baba hakuja, mimi mama naahidi kukaa kando ya mwanangu huyu mpaka Santa Cruz, wala sitaogopa mteremko wowote, maana njia hii ameipanga mume wangu.'"