Kiti cha Dirishani

"Jamani, kimya. Watu wanasoma."

Maneno yalimtoka Perpetua kabla hajayafikiria, kama yalivyomtoka miaka yote tangu aajiriwe kuwa mkutubi hapa Morogoro. Fundi seremala aliacha kukata ubao. Aliitazama meza ndefu, kisha viti vyake, vyote vitupu.

"Akina nani, mama?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitumwa tu kujenga ukuta wa mbao katikati ya chumba, ili nusu yake ikodishwe kwa mwenye ukumbi wa video. Hizi ni zama za soko huria, wakubwa walisema, na maktaba nayo ijitegemee.

Perpetua alitoka nyuma ya kaunta. Vumbi la mbao lilikuwa limetanda mezani, hata pale karibu na dirisha, ambapo viwiko vya wasomaji vilikuwa vimeacha mabaka mawili yanayong'aa. Aliyafuta kwa pindo la khanga yake, moja baada ya jingine, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Mkutubi hakai kwenye kiti cha msomaji. Ndivyo alivyofundishwa, na hajawahi kukikalia, hata siku ambazo chumba kizima kilikuwa chake peke yake.

Akachukua kitabu rafuni bila kuangalia jina. Akavuta kiti cha dirishani, kile kinachotazama milima ya Uluguru, akaketi, akaweka viwiko vyake juu ya yale mabaka.

"Mimi, mwanangu," alimjibu fundi. "Ninasoma."