Suruali Iliyogoma Kufungwa

Suruali iligoma kufungwa, na aliyeivaa alikuwa mume wa fundi mwenyewe.

"Mama watoto, hii umemshonea nani?"

Fundi alitazama kifungo na tundu lake, vimeachana kwa upana wa vidole vinne, akaona haya. Alikuwa amekata kitambaa kwa vipimo vya suti ya harusi. Miaka tisa hakumpima. Siku hizi waliishi kwa heshima kubwa, kama wapangaji wawili wasioazimana hata chumvi, na alianza kuogopa kwamba mapenzi yao yamekwisha kimyakimya.

Akamzungushia futi kiunoni. Tumbo likaingia ndani ghafla, kama mwanafunzi mtoro aliyesikia viatu vya mwalimu wa zamu.

"Pumua, baba."

"Si napumua?" alisema mume kwa sauti nyembamba, jasho likimtoka puani.

Mtu habani tumbo mbele ya mpangaji mwenzake. Wazo hilo lilimpanda fundi hadi masikioni, yakapata moto. Mikono ikabaki palepale kiunoni, na namba hakuisoma.

"Fundi, gauni langu tayari?" mteja aliuliza kutoka mlangoni.

"Njoo kesho, dada," alijibu bila kugeuka. "Na unifungie mlango."