Mama wa Kuazima

Kitu cha kwanza alichokiona binti wa kazi ni viatu. Bibi kizee alivivua mlangoni, akavipangusa vumbi, kisha akavibana kwapani na kuingia navyo sebuleni kama mtu anayejua hatakaa.

"Viweke chini, mama," alisema mke wa mwenye duka. "Nani hutembea na viatu kwapani nyumbani kwake?"

Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa anakuja saa nne. Ofisini kwake ilifika barua isiyo na jina, mwandiko kama wa mtoto wa darasa la tano, ikisema kwamba katika nyumba hii kuna mzee anateseka. Na ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake mzuri: kabla ya kukagua nyumba hupiga simu siku moja mapema, ili wenyeji wasikosekane.

Siku moja iliwatosha. Mwenye duka aliuza magodoro ya kila unene, na mama yake mzazi alilala juu ya maboksi katika stoo ya nyuma, mlango umefungwa kwa komeo la nje tangu alipoanza kujikojolea. Kumnenepesha kwa siku moja kusingewezekana. Kuazima mama mwingine kuliwezekana. Mke alimpata huyu sokoni, akichambua vitunguu vibovu vya wachuuzi. Akamwogesha, akamvika gauni jipya, akamfundisha maneno.

"Huyu ni nani?" alimpima, akimwonyesha mumewe.

"Mwanangu."

"Anakutunza?"

"Sana."

"Umeona? Rahisi kuliko vitunguu."

Mwenye duka naye akafanya mazoezi. "Mama, umelala salama? Mama, nikuongezee mto?" Asubuhi hiyo moja alitamka neno "mama" mara nyingi kuliko mwaka mzima.

Binti wa kazi alikuwa akipanga vikombe. Walimwita Bubu, kwa kuwa tangu kunapokucha hadi jioni alitoa maneno mawili tu: "ndiyo" na "nimemaliza". Bibi kizee akamfuata jikoni, akamnong'oneza.

"Mjukuu wangu, mama mwenyewe wa nyumba hii yuko wapi?"

Bubu akatazama mlango wa stoo. Alfajiri alikuwa amepitisha uji chini ya ule mlango, kwenye sahani ya bati, kwa sababu kikombe hakipiti. Bibi kizee akayafuata macho yake.

Bubu alitaka kumwuliza: na wewe, bibi, huna mtoto hata uchambue vitunguu vibovu? Badala yake akaendelea kupanga vikombe.

Saa nne kamili afisa akaingia, shati limenyooshwa pasi, kalamu mbili mfukoni, jalada mkononi.

"Hamjambo hapa! Nimekuja kumjulia hali mama yetu wa—"

Akamwona. Jalada likamponyoka, karatasi zikatawanyika sakafuni. Akainama kuziokota, akakawia huko chini.

Mwenye duka alianza kutoka jasho. Bubu moyo ulimruka kwa furaha. Ameshajua! Mtu wa serikali hadanganywi kwa gauni.

Lakini afisa alipokaa, aliinamia fomu yake na hakuinua uso tena.

"Mama... unakula vizuri?"

"Mwanangu akishiba, na mimi nimeshiba."

"Huwa... anakuja kukuona? Chumbani kwako?"

"Ana kazi kubwa, baba. Lakini leo nimemwona."

Mke wa mwenye duka akaangua kicheko. "Mama huyu kwa utani! Atatuvunja mbavu!"

"Una malalamiko yoyote?"

"Nimlalamikie nani?"

Kalamu ikakimbia. Afisa hakuomba kuona chumba, wala kitambulisho. Chai hakuigusa. Aliandika "anatunzwa vizuri na familia", akapiga muhuri, akainuka kabla wino haujakauka.

Bubu aliuona ule muhuri ukishuka. Kuanzia sasa kulikuwa na karatasi ya serikali inayosema kwamba aliyeko stoo ameshiba. Nani atarudi tena kumtafuta? Akasogea na trei ya vikombe hadi mbele ya afisa. Sauti iliyotoka, hata yeye hakuitambua.

"Siye huyu. Mama yake yuko stoo, amefungiwa. Ile barua niliiandika mimi."

"Makubwa! Bubu kaota ulimi!" mke akapiga kelele. "Afisa, usimsikilize, huyu akili hazijatimia. Mama mwenyewe si huyu hapa? Mwulize!"

"Ndiyo, mwulize tu," alisema mwenye duka, akitabasamu kwa shida. "Mzazi hamkani mtoto wake."

Afisa akautazama mlango wa kutokea. Kisha akaitazama fomu.

"Mama," alisema, akizungumza na karatasi, "huyu bwana ni mwanao?"

Bibi kizee akamtazama kwanza Bubu, ambaye machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye vikombe. Akasimama, akamsogelea afisa, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, kama cha mtoto anayetaka kufutwa kamasi.

"Mimi nilizaa mara moja tu," akasema, "na niliyemzaa ni wewe. Haya, kamfungulie mwenzangu mlango."