Bilauri ya Chini ya Tuta

Kila asubuhi mimi hukinga bilauri kwenye mchirizi unaotoka chini ya tuta la bwawa letu, ndani ya nyasi ndefu. Maji yakiwa safi, tuta ni zima. Yakija na udongo, tuta linaliwa kwa ndani, na wanaokaa bondeni wahame siku hiyo hiyo.

Leo yalikuja mekundu.

Nikasikia hatua. Alikuwa jirani wa bondeni. Mwaka wa mafuriko binti yangu aligonga geti lake, maji yakiwa kifuani, naye akaliegemea kwa ndani asifungue.

Niliimwaga bilauri nyasini kabla hajafika.

“Shikamoo, bibi. Bilauri inasemaje? Mama watoto kawapeleka wanangu kwao, nimebaki na usingizi wangu wa pono.”

“Marahaba. Maji safi, mwanangu. Nenda kalale.”

“Mungu akuweke. Bila wewe tungeshakuwa kambare.”

Alicheka, akabeba ndoo yangu tupu, akanishika mkono tupande. “Polepole, bibi, panateleza.” Hakuniachia mpaka juu.

Pale juu akaona vidole vyangu vimejaa udongo mwekundu. Akavifuta kimoja kimoja kwa shati lake.